Trekta la Mfaransa, Beseni la Mchina

Mwenyekiti wa shughuli, walimu wenzangu, wageni waalikwa, wakubwa zangu wote mliomo humu ndani, shikamooni. Na nyinyi vijana wa diplomasia, hamjambo.

Nitaanza na swali ambalo si langu. Miaka yote niliyofundisha historia sekondari, kila nilipofika mada ya Ulaya baada ya Vita Kuu ya Pili, kulikuwa na mkono mmoja unaonyooka nyuma ya darasa. Wanafunzi walibadilika, swali likabaki lile lile: "Mwalimu, wenzetu walipewa fedha na Mmarekani miaka minne tu wakasimama. Sisi tunapewa tangu uhuru. Mbona bado tunapewa?" Nilikuwa najibu harakaharaka, kwa sababu mtihani wa taifa ulikuwa unabisha hodi. Kwa kweli sikuwatendea haki wale watoto. Leo hakuna mtihani, kwa hiyo nitalijibu taratibu, na nawaomba mnivumilie, maana jibu lenyewe linaanzia mbali, kwenye baridi ya Ulaya, kisha linarudi hapa hapa Dar es Salaam.

Baridi ya mwishoni mwa 1946 kuingia 1947 ilikuwa kali mno. Uingereza, nchi iliyotoka kushinda vita, makaa ya mawe yalikwama njiani kwenye theluji, viwanda vikafungwa, umeme ukakatwa majumbani saa nyingi za mchana. Mkate ulikuwa unagawiwa kwa kuponi, na hilo halikuwahi kutokea hata mabomu yalipokuwa yanadondoka London. Ujerumani hali ilikuwa mbaya kupita hiyo. Lakini tatizo kubwa kuliko njaa lilikuwa dola. Ngano, makaa, mashine, vyote vilikuwa Marekani. Ili uvinunue unataka dola. Ili upate dola uuze kitu kwa Mmarekani. Ili uwe na cha kuuza uwe na kiwanda kinachofanya kazi, na kiwanda hakifanyi kazi bila makaa na mashine. Ulaya ilikuwa inazunguka humo kama ng'ombe aliyefungwa kwenye mti.

Njia ya kwanza iliyojaribiwa ilikuwa mkopo. Mwaka 1946 Uingereza ilikopeshwa na Marekani dola bilioni 3.75 kwa riba ya asilimia 2. Aliyekwenda kuuomba alikuwa mchumi mashuhuri kuliko wote wa zama zile, John Maynard Keynes, na hata yeye alirudi na sharti zito: ndani ya mwaka mmoja, paundi iachiwe ibadilishwe kwa dola bila kizuizi. Julai 1947 mlango ukafunguliwa. Kila aliyekuwa na paundi akakimbilia dola. Wiki tano tu baadaye, mwezi Agosti, mlango ukafungwa, na sehemu kubwa ya mkopo ilikuwa imekwisha kuyeyuka. Deni lenyewe Waingereza waliendelea kulilipa mpaka mwisho wa Desemba 2006. Kijana aliyezaliwa mwaka ule wa mkopo alikuwa na miaka 60 deni lilipokwisha. Mnaponisikia nikisema Ulaya ilisaidiwa, kumbukeni kwamba ilianza kwa kukopa, na mkopo ule ulishindwa.

Februari 1947 Uingereza ikakiri kwamba haiwezi tena kuibeba serikali ya Ugiriki, iliyokuwa inapigana na wakomunisti, wala Uturuki. Mwezi Machi Rais Truman wa Marekani akaenda Bungeni kwao akaomba dola milioni 400 kwa ajili ya nchi hizo mbili. Hapo hakukuwa na mficho wowote: fedha zile zilikuwa silaha. Miezi mitatu baadaye, tarehe 5 Juni 1947, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Jenerali George Marshall, akasimama kwenye mahafali ya Chuo Kikuu cha Harvard akatoa hotuba fupi. Alisema sera ya nchi yake hailengi kupigana na taifa wala itikadi fulani, inapigana na njaa na umaskini. Halafu akatamka lile jambo ambalo nawaomba mlisikilize kuliko mengine yote. Alisema haifai Marekani ikae peke yake iwaandikie watu wa Ulaya mpango wa kujikwamua. Wakae wenyewe, wakubaliane, waseme wanahitaji nini.

Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, Ernest Bevin, aliisikia hotuba ile kwenye redio, na hakusubiri barua rasmi. Akamtafuta mwenzake wa Ufaransa, wakaanza. Hata Wasovieti walialikwa. Molotov, Waziri wao wa Mambo ya Nje, alifika Paris mwishoni mwa Juni akiwa na msururu wa washauri, akasikia kwamba kila nchi italazimika kuweka hesabu zake mezani, akaondoka. Chekoslovakia ilikuwa imeshakubali kushiriki. Viongozi wake wakaitwa Moscow, wakarudi wamejitoa. Ukuta wa Berlin ulikuwa bado miaka 14 mbele, lakini mpaka ulikuwa tayari umechorwa, na uliochorwa nao ni mwaliko wa msaada: nani amekuja, nani amekatazwa kuja.

Nchi 16 zilikutana Paris Julai ile. Ziliandika mahitaji, Wamarekani wakasema ni makubwa mno, yakapunguzwa, yakabishaniwa Bungeni Washington miezi kadhaa. Truman alitia saini sheria tarehe 3 Aprili 1948, na huo ndio ukaitwa Mpango wa Marshall. Kwa miaka isiyofika minne zikatoka dola kama bilioni 13, sehemu kubwa ikiwa ruzuku isiyorudishwa. Uingereza ilipata fungu kubwa kuliko wote, Ufaransa ikafuata. Mwaka wa kwanza wapokeaji wenyewe walikaa mezani wakagawana, nchi kwa nchi, huku kila mmoja akimtazama mwenzake kwenye vitabu vyake. Hebu fikirini ugumu wa kikao kile: watu waliokuwa wanauana miaka mitatu nyuma, sasa wanabishana nani apate ngano kiasi gani.

Sasa nije kwenye trekta, maana hapa ndipo wengi tunapokosea. Tunadhani Mmarekani alipakia dola kwenye masanduku akazipeleka Paris. Haikuwa hivyo. Chukueni mkulima wa Ufaransa anayetaka trekta. Trekta linatengenezwa Marekani, na aliyelitengeneza analipwa dola na serikali ya Marekani hukohuko kwao. Trekta linapanda meli, na sheria ilitaka angalau nusu ya mizigo isafirishwe na meli za Marekani. Likifika, mkulima halipewi bure. Analilipia kwa faranga, kwa serikali yake. Faranga zile haziendi Marekani. Zinawekwa kwenye akaunti maalumu ya serikali ya Ufaransa, na zinatumika kwa miradi ambayo pande zote mbili zimekubaliana: reli, umeme, migodi ya makaa. Asilimia 5 ya fedha hizo iliachwa mikononi mwa Wamarekani kwa gharama zao na kwa kununulia malighafi walizozihitaji.

Umeona ufundi wake? Kitu kimoja kimefanya kazi mara mbili. Shambani kuna trekta linalolima, na bwawani kuna saruji iliyonunuliwa kwa bei ya trekta lile lile. Huku Mmarekani kauza, meli zake zimepata mzigo, na anayo sauti juu ya faranga zilizomo kwenye akaunti ya serikali nyingine. Huo ndio msaada wa kidiplomasia kwa maana yake kamili. Mimi siuiti wizi na siuiti sadaka. Ulikuwa mkataba, na waliouingia walijua kusoma mikataba.

Sauti ile juu ya akaunti iliuma mara nyingine. Uholanzi ilikuwa inapokea Mpango wa Marshall kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine inapigana kuirudisha Indonesia kwenye ukoloni. Tarehe 19 Desemba 1948 majeshi yake yaliuvamia mji wa Yogyakarta yakawakamata viongozi wa Indonesia, Sukarno na Hatta. Siku chache baadaye Marekani ikasimamisha fungu la msaada lililotengwa kwa makoloni yale ya Uholanzi, na Seneti ikaanza kunong'ona kwamba hata fungu la Uholanzi yenyewe likatwe. Tarehe 27 Desemba 1949 Uholanzi ilikabidhi uhuru wa Indonesia. Waindonesia walipigana wenyewe na walikufa wenyewe, sitaki mtu atoke hapa akidhani walikombolewa na hundi. Lakini tishio la kukatiwa fedha lilimbana mkoloni mahali ambapo risasi hazikufika. Na uchungu wake ni huu: kwenye makubaliano ya mwisho, Indonesia ililazimishwa kubeba deni la utawala wa kikoloni, zaidi ya gulden bilioni 4, yaani fedha ya Uholanzi. Taifa changa linapewa bendera na ankara siku moja.

Sisi tulikuwa wapi wakati huo? Swali hili halikuwamo kwenye silabasi yangu, na lilipaswa kuwamo. Sisi tulikuwa tunatoa. Wakati wa vita na miaka michache baada yake, mkonge wa Tanganyika ulinunuliwa na serikali ya Uingereza kwa bei iliyopangwa na mnunuzi mwenyewe. Dola zilizopatikana kwa mazao ya makoloni, kakao ya Gold Coast (Ghana ya leo), mpira wa Malaya (Malaysia ya leo), mkonge wa Tanga, zilikusanywa London kwenye kapu moja, na mwenye ufunguo wa kapu alikuwa London. Halafu kuna karanga. Uingereza ilikosa mafuta ya kula, ikaamua mwaka 1947 kufyeka mapori ya Kongwa, Urambo na Nachingwea ili ilime karanga kwa matrekta, mengine yakiwa yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Mvua ikagoma. Udongo wa Kongwa kiangazi ulikauka ukawa kama tofali la kuchoma. Mwaka 1951 waliuzika mpango ule pamoja na paundi milioni 36. Kusini ilibaki bandari ya Mtwara, na reli ambayo baadaye iling'olewa.

Kwa hiyo mwanafunzi wangu wa nyuma ya darasa anapouliza kwa nini wao walisimama, sehemu ya jibu ni kwamba walikuwa na wa kuwaegemea pande mbili. Upande mmoja Marekani, iliyohesabiwa na kushukuriwa. Upande wa pili mkata mkonge wa Tanga, ambaye hakuna mahafali yaliyomtaja.

Sehemu nyingine ya jibu ni madeni. Tarehe 27 Februari 1953, London, wadai wa Ujerumani Magharibi walikaa wakafuta karibu nusu ya madeni yake ya nje, na yaliyobaki wakayapangia malipo kulingana na uwezo wake wa kuuza nje. Miongoni mwa waliosamehe ilikuwemo Ugiriki, ambayo Wajerumani waliikalia kimabavu miaka kumi tu nyuma. Tanzania ilifikia hatua ya kufutiwa sehemu kubwa ya madeni mwaka 2001, baada ya miaka mingi ya shule zenye ada na hospitali zisizo na dawa. Wenzetu walisamehewa mapema, wakiwa bado wana nguvu ya kukimbia.

Na tuseme kweli: Ulaya ilikuwa inajenga upya, haikuwa inaanza. Kiwanda kilichopigwa bomu kinaacha mafundi, michoro, benki, mahakama na wahasibu. Tanganyika ya tarehe 9 Desemba 1961 ilikuwa na wahandisi unaoweza kuwahesabu kwa vidole vya mikono. Ukimpa seremala msumeno, na ukampa msumeno huohuo mtu ambaye hajawahi kushika randa, usishangae kesho asubuhi ukikuta meza kwa mmoja tu.

Basi tuingie nyumbani.

Mwaka 1955 Ujerumani Magharibi iliweka kanuni, nayo ikapewa jina la Walter Hallstein, mkuu wa watendaji katika wizara yao ya mambo ya nje. Kanuni ilisema hivi: nchi yoyote itakayoitambua Ujerumani Mashariki itahesabiwa imetenda tendo la uadui. Yugoslavia ilikuwa ya kwanza kukatiwa uhusiano kwa ajili hiyo, mwaka 1957, ikafuata Cuba mwaka 1963. Kwa nchi changa za Afrika kanuni ile ilikuja imefungwa ndani ya msaada. Hakuna aliyekuambia "usiitambue Berlin Mashariki." Ulipewa fedha, ukaachwa uelewe.

Tarehe 12 Januari 1964 ikaja Mapinduzi ya Zanzibar. Serikali ya Mapinduzi ikaitambua Ujerumani Mashariki, nayo ikafungua ubalozi Unguja, ikaanza kujenga. Majumba ya ghorofa ya Kikwajuni na Kilimani ni ya historia hiyo, na mkienda Unguja yaangalieni kwa jicho hilo. Kwa dola ambayo nusu ya dunia ilikataa hata kuitaja kwa jina, yale maghorofa yalikuwa kadi ya utambulisho. Kisha tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar zikaungana. Ghafla nchi moja ina Wajerumani wawili: Dar es Salaam kuna ubalozi wa Magharibi, Unguja kuna ubalozi wa Mashariki, na kila mmoja anasema mwenzake hayupo.

Mwalimu Nyerere alihangaika na jambo hili miezi mingi. Februari 1965 akafikia suluhu ya katikati: ubalozi wa Unguja ufungwe, Ujerumani Mashariki iruhusiwe kuwa na ubalozi mdogo Dar es Salaam, na Tanzania haitaitambua kama dola. Ilikuwa suluhu ya mtu anayejenga nyumba huku majirani wawili wanagombania ukuta wake. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, haikuridhika. Ikaondoa msaada wake wa kijeshi, wakiwemo wakufunzi waliokuwa wanaliandaa jeshi letu changa la anga, na ikaeleweka kwamba misaada mingine inaweza kufuata.

Hapa nataka mkae na yule mtu ofisini kwake. Nchi ina miaka mitatu na miezi kadhaa. Mwaka mmoja nyuma jeshi limeasi. Hazina haina kitu. Wakufunzi wa ndege wanafunga mizigo. Washauri wengi wangesema: Mzee, tubembeleze, tuokoe kilichobaki. Yeye aliwaambia Wajerumani Magharibi wachukue na kilichobaki, misaada yote ya serikali kwa serikali. Hesabu yake ilikuwa hii: ukikubali fungu moja litumike kama fimbo, mafungu mengine yote yamekwisha kuwa fimbo, hata kama bado yamelazwa juu ya dari. Hakuvunja uhusiano wa kibalozi. Hakumtukana mtu. Alirudisha msaada. Na mwanya wa wakufunzi wa ndege ukazibwa na Kanada.

Mwaka huohuo haukuwa umemaliza. Novemba Ian Smith akajitangazia uhuru wa walowezi Rhodesia, Zimbabwe ya leo, na Umoja wa Nchi Huru za Afrika ukaazimia kwamba Uingereza isipochukua hatua, wanachama wavunje uhusiano nayo. Nchi nyingi zilitia azimio kabatini. Tanzania ililitekeleza tarehe 15 Desemba 1965, na mkopo wa paundi milioni 7.5 uliokuwa unasubiriwa kutoka London ukagandishwa. Ndani ya miezi kumi tulikuwa tumepoteza msaada kutoka Bonn na London, tukijua tunachofanya. Wapo wanauchumi makini wanaosema gharama ilikuwa kubwa kuliko faida, na sitawadharau: milioni 7.5 zilikuwa zahanati na barabara ambazo watu halisi walizikosa. Lakini Azimio la Arusha la Februari 1967, lilipokataa kuitegemea fedha ya nje kama msingi wa maendeleo, liliandikwa na watu waliokwisha kukatiwa. Ile haikuwa nadharia ya vitabuni.

Kanuni ya Hallstein iliishia wapi? Wajerumani wenyewe waliitupa. Mwishoni mwa 1972 Bonn na Berlin Mashariki zilitia saini mkataba wa kutambuana kwa vitendo, na mwaka 1973 zikaingia Umoja wa Mataifa pamoja. Jambo ambalo Tanzania iliadhibiwa kwa kulikaribia tu, waliotuadhibu walilifanya wenyewe miaka saba baadaye. Ninyi mtakaokaa mezani siku moja mkiambiwa "sharti hili halibadiliki", ulizeni litakuwa na umri gani likifa.

Nimewaahidi beseni. Mimi nimekulia Mbeya. Mama alikuwa na beseni jeupe la bati lenye maua mekundu, chini limegongwa herufi za Kichina. Tulioga humo, unga ulikandwa humo, na mgeni akija maji ya kunawa yaliletwa humo. Karibu kila nyumba mtaani kwetu ilikuwa na la namna hiyo, pamoja na chupa ya chai yenye picha ya ndege. Sikujua kwamba lile beseni lilikuwa linajenga reli.

Benki ya Dunia ilikuwa imekwisha kusema reli ya kutoka Dar es Salaam kwenda Zambia hailipi. Kwa hesabu ya mizigo labda ilikuwa sawa. Kwa Zambia, ambayo shaba yake ilipita Rhodesia ya Ian Smith, hesabu ilikuwa nyingine kabisa. Mwaka 1967 China ikakubali kujenga, ikatoa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, kulipwa kwa miaka 30. Ujenzi ulizinduliwa Oktoba 1970, na reli ya kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi ikakabidhiwa Julai 1976. Kipande cha Mlimba kupanda Makambako, chenye mahandaki na madaraja, ukikipita kwa treni mchana hutasahau. Wachina waliofia kazini wamezikwa Gongo la Mboto, na kila mwaka ubalozi wao unakwenda kuweka maua. Marekani nayo haikutaka kuachwa nyuma, ikagharimia sehemu ya barabara kuu ya kwenda Zambia, sambamba na reli ya mpinzani wake.

Lakini vibarua wa Kitanzania, kokoto, chakula, hivyo vyote vilihitaji shilingi, na China haikuwa na shilingi. Basi ikakubaliwa: China itatuletea bidhaa, zitauzwa madukani kwetu kupitia shirika la biashara la taifa, na shilingi zitakazopatikana zitalipa gharama za hapa. Nyinyi mmekwisha kulitambua. Ni trekta la Mfaransa. Ni akaunti ileile, imevuka itikadi na bahari. Mama alinunua beseni, shilingi yake ikaenda kumlipa kijana anayepasua mwamba Mlimba.

Tofauti ndiyo hii, na nadhani ndiyo kiini cha jibu lote. Mfaransa alinunua trekta, na trekta lilizaa ngano. Beseni halikuzaa kitu, liliogeshea watoto. Vitenge, mabeseni na baiskeli za China vilijaa madukani mwanzoni mwa miaka ya sabini wakati ambapo tulikuwa tunahangaika kujenga viwanda vyetu vya aina hiyohiyo. Reli tulipata, na naipenda reli ile kwa moyo wangu wote, lakini upande wa pili wa akaunti, ule ambao kwa Mfaransa ulilima, kwetu ulichakaa ukatupwa.

China ilipata nini? Tarehe 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipiga kura ya kuirudishia Jamhuri ya Watu wa China kiti chake: 76 ndiyo, 35 hapana, 17 hawakupiga upande wowote. Kijana wetu Salim Ahmed Salim alikuwa balozi wetu pale ukumbini, mstari wa mbele wa kazi hiyo. Wako wanaosema kura ile ililipiwa kwa reli. Sikubaliani nao. Tanganyika iliitambua Beijing tangu Desemba 1961, kabla taruma la kwanza la reli halijalazwa wala kufikiriwa. Ninachokubali ni kwamba reli iliwafanya wengi Afrika waitazame China kama nchi inayotimiza neno, na jambo hilo lina uzito kwenye ukumbi wa kura.

Nimalizie na Wajerumani, kwa sababu akaunti yao nayo haijafungwa. Mwaka 1948, mjini Frankfurt, ilianzishwa benki inayoitwa Kreditanstalt für Wiederaufbau, kwa kifupi KfW, na jina lake maana yake ni taasisi ya mikopo ya ujenzi mpya. Mtaji wake wa kazi ulitoka kwenye zile fedha za Mpango wa Marshall: marki, fedha ya Kijerumani, ambazo wanunuzi wa huko walilipia ngano na pamba ya Marekani. Wajerumani hawakuzitumia zikaisha. Walizikopesha kwa migodi, umeme na nyumba, zikarudi, wakazikopesha tena, na mfuko ule upo mpaka leo, unakopesha wafanyabiashara wadogo wa kwao. Benki yenyewe ilikua, ikaanza kukopesha nje. Ina ofisi hapa Dar es Salaam. Imegharimia miradi ya maji, ya afya na ya hifadhi katika nchi hii hii iliyowarudishia Wajerumani mzigo wao mwaka 1965.

Mkipita karibu na tangi la maji lenye kibao chenye herufi hizo tatu, simameni. Muulizeni mhandisi wa mamlaka ya maji mkataba unasemaje: nani alichagua pampu, vipuri vinatoka wapi, na ankara za maji zinazolipwa na wananchi zinaingia akaunti gani, na kutoka hapo zinakwenda kufanya kazi gani ya pili.

Mwenyekiti, nashukuru. Nimeongea sana, na huko nyuma naona mkono umenyooka.